Aliye Sugu ni Nani? Historia Fupi ya Istilahi za Insulini

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya istilahi moja ya tiba ambayo katika maandishi yetu hutokea kwa sura tatu: upinzani wa insulini, ukinzani wa insulini na usugu wa insulini. Hali inayotajwa ni ile ambayo insulini imo katika damu, pengine kwa wingi, lakini mwili hauiitikii ipasavyo, na sukari hubaki katika damu badala ya kuingia katika misuli. Hali hiyo huweza kutangulia kwa miaka mingi aina ya kisukari inayowapata zaidi watu wazima. Swali letu ni hili: katika majina hayo, aliye sugu ni nani?

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, daktari wa Mpanda huwahudumia Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa na Wasukuma, pamoja na wakazi wa makazi ya Katumba na Mishamo ambao asili yao ni Burundi. Kiswahili ndicho daraja lao. Neno likitoka kliniki likiwa na maana mbili, kisha likafasiriwa tena nyumbani kwa Kisukuma au Kirundi, huenda ikabaki ile maana ambayo daktari hakuikusudia. Na haja ya maneno haya inaongezeka. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu na umri wa waliopimwa havikuwa sawa, lakini mwelekeo ni dhahiri.

Historia ya istilahi hizi huanza na kongosho. Mwaka 1869 Paul Langerhans, Mjerumani, aliona ndani yake mafungu madogo ya seli yaliyotengana kama visiwa. Mwaka 1905 Mwingereza Ernest Starling alilitoa neno ambalo kwetu ni homoni, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Mwaka 1909 Mbelgiji Jean de Meyer alipendekeza jina la insulini kutokana na neno la Kilatini la kisiwa, miaka 12 kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuipata dawa yenyewe huko Toronto mwaka 1921. Kiswahili kimefanya vema kuyatohoa maneno haya mawili. Kichocheo tayari kina kazi yake katika kemia, na kuiita insulini kwa jina la kisiwa kusingemfaa mgonjwa kitu.

Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, aliwapa wagonjwa sukari ya kunywa na sindano ya insulini kwa wakati mmoja, kisha akapima damu yao. Kwa baadhi yao insulini ilizuia sukari isipande. Kwa wengine sukari ilipanda kana kwamba hawakudungwa kitu. Yeye aliwagawa wagonjwa kuwa wale ambao miili yao huihisi insulini na wale ambao miili yao haiihisi. Tuzingatie kwamba katika mgawanyo huo mtendaji ni mwili. Insulini ni ile ile.

Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walieleza jinsi ya kupima kiasi kidogo mno cha insulini katika damu. Ilidhihirika kwamba watu wazima wengi wenye kisukari hawakupungukiwa na homoni hiyo, bali baadhi yao walikuwa nayo kwa wingi kuliko wasio wagonjwa. Kwa hiyo insulini nyingi pamoja na sukari nyingi vikawa kiashiria cha mwili usioitikia. Mwaka 1985 wataalamu wa Oxford walitoa kanuni inayotumika hadi leo katika utafiti: kiasi cha insulini kabla ya kula huzidishwa kwa kiasi cha sukari, kisha hugawanywa kwa 22.5. Baadaye iliongezwa adiponektini, homoni itokayo katika seli za mafuta, ambayo kiasi chake hupungua hali hii inapozidi.

Sasa tuyatazame majina yetu. Katika fizikia, ukinzani wa waya ni wa waya unaoukinza umeme. Katika tiba, usugu wa vimelea ni wa vimelea vinavyoshindana na dawa. Kwa mfano huo, usugu wa insulini utakuwa wa insulini yenyewe. Ni kweli kwamba kihusishi hicho hubeba pia maana ya pili, kwani woga wa mtoto ni wa mtoto mwenyewe, lakini woga wa simba huwa wa anayemwogopa simba. Hatari imo katika utata huo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ana usugu wa insulini, kisha baadaye akaandikiwa sindano za insulini, ana haki ya kuuliza kwa nini apewe dawa iliyokwisha kuwa sugu.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba:

(a) itumike *usugu wa mwili kwa insulini*, na katika mazungumzo, "Mama, mwili wako umekuwa mzito kuiitikia insulini";

(b) *kiashiria* kiwe kile kinachoonyesha hali, kama vile insulini au adiponektini, na *kipimo* kiwe tendo la kukitafuta katika damu;

(c) isemwe *insulini ya kabla ya kula*, si insulini ya kufunga, ili mgonjwa asidhani kwamba inatajwa saumu.

Istilahi ndefu kidogo isiyopotosha ni afadhali kuliko fupi inayomlaumu asiyehusika.