Jaa la Wazee na Jaa Letu

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida hupita Mkiwa, hapo inapoachana njia ya kwenda Itigi. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi kavu, na mahali pengi udongo wake ni wa mchanga. Mara nyingi twasikia watu wakilaumiwa kwa kutupa takataka nje ya mlango. Lawama ni ya haki. Lakini yafaa kwanza tujue desturi hiyo ilitoka wapi, kwa maana akemeaye desturi asiyoijua asili yake hasikilizwi.

Hapo kale kila boma lilikaa peke yake katikati ya mashamba yake, na ng'ombe walilala papo hapo nyumbani. Majivu ya mekoni, pumba za uwele na mtama, vibuyu vilivyopasuka na mavi ya ng'ombe, vyote vilitupwa nje. Karibu vyote vilioza, isipokuwa vigae vya vyungu, navyo havikumdhuru mtu. Samadi ilienezwa shambani, na kwa hiyo wazee waliweza kulima mahali pale pale miaka mingi. Harold Schneider, mtaalamu wa Marekani, aliandika juu ya Wanyaturu katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, akaeleza jinsi mifugo na samadi vilivyotegemeza kilimo chao. Basi kutupa nje hakukuwa uvivu. Kulikuwa kulisha shamba.

Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea. Kwanza, redio ilitangaza mafunzo ya Mtu ni Afya nchini kote. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha viwanja vyao. Pili, Rais Julius Nyerere aliagiza watu wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji kabla ya kwisha mwaka 1976. Nyumba zikasogeleana, na mashamba ya wengi yakawa mbali. Tangu hapo takataka za mmoja zilianguka mlangoni pa jirani yake, wala hazikufika tena shambani kwa urahisi.

Baadaye vitu vya dukani viliongezeka: mifuko ya plastiki, chupa za maji, betri za tochi, na nepi za watoto. Hivi haviozi kama pumba. Ng'ombe na mbuzi humeza plastiki, ikawaziba tumbo, wakafa. Ikichomwa, moshi wake una sumu. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara. Lakini chupa na vifungashio vingine vingali vinauzwa.

Basi twaona ya kuwa mkono unatupa vilevile kama zamani, ila kitu kinachotupwa si kile cha zamani. Tusiwadharau wazee wetu, wala tusijifiche nyuma ya desturi yao. Na tuwe na majaa mawili. La kwanza ni la vitu viozavyo: maganda, pumba, majani na samadi, ili virudi shambani kama zamani. La pili ni la vitu visivyooza, viwekwe mbali na mifugo, watoto na visima, na chupa ziuzwe kwa wanunuzi wanaozikusanya. Kazi hii haihitaji fedha. Yataka jembe, gunia, na watu wa nyumba moja kupatana.