Gortyn: Mji Ulioichonga Haki ya Mke Ukutani

Kiangazi cha mwaka 1884, maji ya mfereji wa kinu kimoja kusini mwa kisiwa cha Krete yalipungua, na mtafiti kijana wa Kiitalia, Federico Halbherr, akaona herufi za kale zimechongwa kwenye mawe yaliyokuwa yamezama. Hakuwa wa kwanza kufika. Mwaka 1857 Wafaransa wawili, Georges Perrot na Louis Thenon, walikuta jiwe moja la namna hiyo limejengewa kwenye ukuta wa kinu, na jiwe hilo likaishia katika makumbusho ya Louvre, Paris. Lilikuwa kipande tu. Halbherr na mwenzake Mjerumani, Ernst Fabricius, walipochimba na kunakili, zilitokea safu 12 za maandishi, zaidi ya mistari 600: mkusanyo mkubwa kuliko yote wa sheria za Ugiriki ya kale uliohifadhiwa kwenye jiwe.

Mahali hapo ndipo ulipokuwa mji wa Gortyn, katika uwanda wa Mesara wenye rutuba. Mshairi Homer aliutaja kwa kuta zake. Wenyeji walisimulia kwamba mungu Zeus alimleta msichana Europa pale, chini ya mti usiopukutika majani, na mti wa aina hiyo wageni huonyeshwa hadi leo. Lakini utukufu wa Gortyn hauko kwenye hadithi hiyo. Uko kwenye ukuta.

Sheria zilichongwa karibu na mwaka 450 K.K. Mstari wa kwanza hutoka kulia kwenda kushoto, unaofuata hurudi kushoto kwenda kulia, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba. Ziliwekwa mahali pa wazi. Na sehemu kubwa ya sheria hizo inahusu nyumba: nani amerithi nini, nani ameachana na nani, mtoto ni wa nani, mali ni ya nani.

Mume na mke wakiachana, sheria inasema, mke aondoke na mali yote aliyokuja nayo kwa mumewe. Achukue pia nusu ya mazao yaliyotokana na mali yake hiyo, na nusu ya kile alichokifuma kwa mikono yake ndani ya nyumba. Ikiwa mume ndiye chanzo cha kuachana, amlipe stateri 5, sarafu za fedha za wakati ule. Mume akikana, hakimu aamue kwa kiapo. Hapo nguo iliyotoka mikononi mwa mke imehesabiwa kuwa jasho lenye thamani na lenye mwenyewe. Mke naye akituhumiwa kwamba amebeba kisicho chake, alipewa nafasi ya kujitetea: ataapa kwa Artemis, mbele ya sanamu ya mungu huyo katika hekalu la Amyklaion.

Mume hakuruhusiwa kuuza wala kuweka rehani mali ya mkewe, wala mtoto ya mama yake. Aliyethubutu, mali ilirudi kwa mwenyewe, na muuzaji alimlipa mnunuzi maradufu. Mama akifa, baba aliisimamia mali ya marehemu kwa ajili ya watoto. Akioa tena, watoto waliichukua.

Katika mirathi, nyumba za mjini na mifugo zilikwenda kwa wana wa kiume. Kilichobaki kiligawanywa: kila mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Msomaji anayejua mirathi ya Kiislamu ataitambua hesabu hiyo mara moja, ingawa hii ilichongwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Uislamu. Sheria yenyewe inaonyesha kwamba haki hiyo ilikuwa na tarehe yake. Inataja utawala wa Kyllos na wenzake kuwa mpaka: mwanamke ambaye hakuwa amepata kitu kutoka kwa baba au kaka apewe fungu lake, na waliokwisha kupata kabla ya hapo wasishtakiwe. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo wakubwa wa mji walikaa na kuamua kwamba binti naye ni mrithi.

Haki hizo zilikuwa na mipaka mikali. Binti asiye na baba wala kaka alitakiwa kuolewa na ndugu wa baba yake, aliye mkubwa kwanza, na aliweza kuozwa akiwa na miaka 12. Hata hivyo aliweza kukataa: alibaki na nyumba ya mjini na nusu ya mali nyingine, akaolewa na mwingine wa kabila lake. Aliyembaka mtu huru alitozwa stateri 100. Aliyekuwa huru akimbaka mtwana au kijakazi, drakma 5 tu. Stateri moja ilikuwa drakma 2, hivyo utu wa kijakazi ulipimwa kwa sehemu moja ya 40. Mizani hiyo ni ya aibu, na ni lazima isemwe pamoja na sifa za mji. Lakini hata kijakazi aliyeachana na mumewe aliondoka na vitu vyake mwenyewe.

Athens, mji wa wanafalsafa, ulimbana mke zaidi. Huko mwanamke aliishi chini ya msimamizi wa kiume maisha yake yote, baba, mume, kaka au mwanawe, na hakuweza kufunga biashara ya thamani inayozidi medimno moja ya shayiri, yaani madebe mawili na nusu au matatu. Binti mwenye kaka hakurithi. Alipewa mali ya kwenda nayo kwa mume, na mumewe ndiye aliyeisimamia. Sparta nayo ilikuwa na njia yake: Aristotle alilalamika kwamba karibu sehemu mbili kati ya tano za ardhi ya nchi, zilikuwa mikononi mwa wanawake. Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alishinda Olympia mwaka 396 na 392 K.K. kwa magari ya farasi aliokuwa akiwamiliki.

Gortyn uliendelea. Warumi walipoiteka Krete mwaka 67 K.K. waliufanya makao makuu ya jimbo, na mawe ya sheria yakajengewa upya katika ukumbi wao wa muziki. Ukristo ulipoingia, kanisa lilijengwa kwa jina la Tito, yule aliyeandikiwa waraka na Paulo. Katika karne ya 9 Waarabu waliotoka Andalusia walikiteka kisiwa, mji ukahamwa, na mashamba yakaufunika.

Mwanafunzi anayepewa kazi ya shule kuhusu haki za wanawake wa Ugiriki ya kale atakuta vitabu vingi vinaanzia Athens na kuishia hapo hapo, kwa kuwa huko ndiko waandishi walikokuwa wengi. Asiridhike. Kabla ya kuandika habari za mwanamke wa Kigiriki, aulize ni wa mji gani, wa mwaka gani, huru au mjakazi. Kisha atafute tafsiri ya sheria za Gortyn na aanze na safu ya pili hadi ya tano, penye talaka na mirathi.