Jinsi ya kutambua vipuri vya injini ya Volkswagen Beetle kuukuu

MMILIKI wa Volkswagen Beetle anayetaka kulifufua gari lake hukabiliwa na swali moja kabla ya kununua kipuri chochote: je, injini iliyomo ni ya mwaka gani? Mara nyingi jibu si lile lililoandikwa kwenye kitabu cha usajili.

Gari hilo lilianza kuundwa nchini Ujerumani mnamo 1938, na la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 30, 2003. Kwa jumla yaliundwa zaidi ya milioni 21. Umbo lake la nje halikubadilika sana, lakini injini ilifanyiwa marekebisho mara kwa mara.

Nchini Kenya, Beetle lilijipatia sifa katika mashindano ya Safari Rally, ambapo liliibuka mshindi 1954, 1957 na 1962. Hadi leo wapo wanaoyatunza magari hayo kwa mapenzi makubwa.

Tatizo ni kwamba injini ya Beetle hushikiliwa na bolti nne tu, na fundi stadi huitoa na kuweka nyingine kwa muda mfupi. Kwa hivyo, si ajabu gari la 1962 kuwa na injini ya 1972 ambayo nayo imefungwa vipuri vya 1966. Anayenunua spea kwa kufuata mwaka wa gari peke yake huenda akapoteza fedha na hata kuiharibu injini.

Jambo la kwanza kukumbuka ni kwamba kiwanda kilikuwa kikianza mwaka mpya wa muundo kila Agosti. Gari lililoundwa Oktoba 1965, kwa mfano, huhesabiwa kuwa la muundo wa 1966.

Pili, ni muhimu kusoma namba ya injini. Namba hiyo imepigwa muhuri kwenye kasha la injini, chini ya kiti kinachobeba jenereta. Kuanzia Agosti 1965, namba zilitanguliwa na herufi. D ni ya injini ya 1200, F ni ya 1300 na H ni ya 1500, ambayo ilianza Agosti 1966. Herufi AB (1300) na AD (1600) zilianza Agosti 1970.

Hata hivyo, namba hutambulisha kasha pekee. Vilivyomo ndani huenda vilibadilishwa zamani, hivyo sharti kila kipuri kichunguzwe peke yake.

Kiti cha jenereta chenyewe ni alama nzuri. Katika injini ya nguvu za farasi 30, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 1953, kiti hicho kiliyeyushwa pamoja na kasha na hakiwezi kutolewa. Katika injini ya nguvu za farasi 34, iliyoanza Agosti 1960, kiti kimefungwa kwa nati na hutolewa. Injini zote mbili zina ujazo wa cc 1192, na wengi hudhani ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba ya pili ilisanifiwa upya, na sehemu chache mno za moja huingia katika nyingine.

Baada ya hapo, mchunguzi atazame vichwa vya silinda mahali bomba linaloleta mchanganyiko wa hewa na petroli linapoingilia. Ikiwa kila kichwa kina tundu moja la kuingizia, hicho ni cha muundo wa mapema. Matundu mawili kwa kila kichwa ni dalili ya injini ya 1300 au 1600 ya kuanzia Agosti 1970. Injini ya 1200 iliendelea na tundu moja.

Mwaka huo wa 1970 pia ulileta mabadiliko katika kipoza oili. Awali, kifaa hicho kilisimama ndani ya kava ya feni na kuizuia hewa baridi isiifikie vyema silinda namba tatu. Silinda hiyo ikawa na joto kuliko zingine. Wahandisi walikisogeza kipoza oili nje na kukijengea njia yake ya hewa, na ndiyo sababu kava ya feni ya baadaye ina kijisanduku kilichotokeza kwa nyuma.

Njia za oili zinazoingia katika kipoza hicho nazo zilipanuliwa kutoka milimita 8 hadi 10. Ikiwa kasha ni la mapema na kipoza ni cha baadaye, au kinyume chake, ni lazima kutumia mpira maalum wenye vipimo viwili. Mpira usiofaa huvujisha oili, na injini hii haina maji ya kuipoza: hutegemea hewa na oili pekee.

Chini ya kasha kuna parafujo kubwa inayofunika vali ya kupunguza shinikizo la oili. Makasha ya mapema yana vali moja, karibu na puli. Yale ya muundo wa 1970 na kuendelea yana mbili, ya pili ikiwa upande wa klachi.

Hatari kubwa zaidi imejificha ndani. Kamshafti ya mapema ina gia bapa iliyofungwa kwa ribiti tatu. Ile iliyoanza na muundo wa 1971 ina gia iliyobonyea katikati na ribiti nne. Kila moja ina pampu yake ya oili, na hazibadilishani. Fundi akichanganya, huenda kamshafti ikagusana na pampu, au ulimi wa pampu usishikwe barabara. Oili isiposukumwa, beringi huungua kwa muda mfupi.

Gurudumu zito linaloshika klachi pia huhesabiwa meno. La mapema lina meno 109 na hutumia klachi ya milimita 180. La baadaye, ambalo ni la kawaida katika magari ya volti 12, lina meno 130 na klachi ya milimita 200. Kulitia hilo kubwa katika gari la zamani huhitaji kuchonga nyumba ya giaboksi, na stata sharti ilingane nalo.

Vipimo navyo havidanganyi. Pistoni ya 1200 na ya 1300 zina kipenyo kimoja cha milimita 77. Kinachozitofautisha injini hizo ni mwendo wa pistoni: milimita 64 kwa 1200 na 69 kwa 1300. Pistoni ya 1500 ni milimita 83 na ya 1600 ni 85.5.

Vilevile, vipuri vingi vya asili vina namba ya kiwanda. Tarakimu tatu za kwanza huonyesha aina ya gari, na ya nne ikiwa 1 basi kipuri ni cha injini. Herufi ya mwishoni huonyesha kuwa kipuri kilirekebishwa. Asiyeinakili herufi hiyo anapoagiza spea huenda akaletewa kipuri cha toleo jingine.

Kwa hivyo, inapendekezwa injini ipigwe picha kabla ya kufunguliwa, na kila kipuri kiwekewe kibandiko chenye namba na vipimo vyake. Kipuri cha zamani kisitupwe hadi kipya kipimwe kando yake. Na iwapo namba iliyo kwenye kasha hailingani na ya kitabu cha usajili, mmiliki airekebishe rasmi kabla ya kulitia gari barabarani.

Kazi hiyo huchukua siku chache zaidi, lakini mwenda pole hajikwai. Kasha la injini lililopasuka au kuyeyuka ni ghali kulitengeneza kuliko pampu iliyonunuliwa kwa makosa.