Mabeki wa Cumberland

Timu yetu ya shule ikifungwa, sisi wapenzi wa zamani husema mabeki walilala. Mimi huuliza kwanza walipata mazoezi gani. Nakumbuka Chuo Kikuu cha Cumberland, Marekani. Tarehe 7 Oktoba 1916, mjini Atlanta, katika kandanda ya Kimarekani, Georgia Tech waliwashinda pointi 222 kwa 0. Kufikia mapumziko zilikwisha kuwa 126! Watu hucheka ngome ile hadi leo. Lakini Cumberland walikwisha kuivunja timu yao. Kocha wa Tech, John Heisman, alishikilia mkataba: wasipocheza, walipe dola 3,000. Basi wakaokotwa wanafunzi wachache, wakapandishwa treni. Vijana hao, jamani, walicheza mpaka filimbi ya mwisho.