Kufunga Mwaka Mombasa

Waswahili wa Mombasa wamezoea kuhesabu mwaka kwa kalenda zaidi ya moja. Ya Hijria huongoza ibada, lakini kwa kuwa inafuata mwezi mwandamo, haiendi sambamba na misimu. Kwa hiyo wakulima na mabaharia walitegemea mwaka wa jua, ambao siku yake ya kwanza huitwa Siku ya Mwaka au Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi. Mwaka huo una miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku tano za nyongeza. Kwa miongo, watu walijua wakati wa kupanda, na lini kusi au kaskazi itavuma.

Siku ya Mwaka ilikuwa ya kufunga hesabu ya yaliyopita. Mombasa, ng'ombe alizungushwa mjini kisha akachinjwa, na dua zikasomwa. Makunduchi, Unguja, watu hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, kisha hula pamoja.

Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na magati ya kina kirefu ya Kilindini, yaliyofunguliwa mwaka 1926, yaliimarisha kalenda ya Miladi. Shimanzi, mtaa wa maghala na matangi ya mafuta kando ya bandari, ulifuata ratiba ya meli na mishahara. Huko mwaka hufungwa usiku wa tarehe 31 Desemba, na saa sita ikifika, meli hupiga honi.