Joto na Uimara wa Rimu za Aloi

Uimara wa rimu ya aloi huletwa na joto, na joto lisipodhibitiwa huuondoa. Jambo hili lilianza kufahamika Ujerumani mwaka 1906. Alfred Wilm, mtaalamu wa metali huko Neubabelsberg, alichoma alumini iliyotiwa shaba na magnesi kidogo, kisha akaipoza ghafla. Alipoipima tena baada ya siku chache, ilikuwa ngumu zaidi. Kufikia 1909 aloi hiyo, duralumini, ilikuwa ikitengenezwa mjini Düren, na baadaye ikaunda viunzi vya meli za angani za Zeppelin.

Sababu yake ilichelewa kujulikana. Mwaka 1919 Paul Merica na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba chembe ndogo mno hujitenga ndani ya aloi iliyopozwa. Mwaka 1938 Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walizithibitisha kwa eksirei. Chembe hizo huzuia tabaka za metali zisiteleze.

Mtengenezaji wa magari Bugatti aliweka rimu za alumini kwenye gari lake la mashindano, Type 35, mwaka 1924. Leo rimu nyingi zinazomiminwa kwenye kalibu zina silikoni takriban 7% na magnesi kidogo. Huchomwa kwa nyuzi 540 hivi za Selsiasi, hutumbukizwa majini, kisha hukaa kwenye oveni ya nyuzi 150 hadi 170 kwa saa kadhaa ili chembe zikue kwa kiasi.

Rimu hupata joto tena zinapopakwa rangi ya unga, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1950 na Erwin Gemmer. Upulizaji wa unga huo kwa umemetuli ukafuata miaka ya 1960. Kwa kawaida unga huiva kwa nyuzi 180 hadi 200, kwa dakika 10 hadi 20. Joto hilo linazidi lile la kukomaza aloi, lakini ni la muda mfupi, na viwanda vya rimu hulihesabu tangu mwanzo.

Hatari huja rimu inapookwa muda mrefu, inaporudiwa mara nyingi, au rangi ya zamani inapounguzwa kwenye tanuri la nyuzi 400 hivi. Chembe hunenepa, hupungua idadi na kuachana, na uimara hushuka bila dalili ya nje. Kupoa hakuurudishi; rimu hulazimika kuchomwa na kukomazwa upya, ikiwa na hatari ya kupinda. Ndiyo maana mafundi makini huondoa rangi kwa kemikali au kwa kupuliza mchanga laini, na hupima joto la rimu yenyewe, si la hewa ya oveni pekee.