Mlango wa Mto na Chanzo Chake: Usambara katika Kuundwa kwa Mpaka wa Tanganyika na Kenya, 1862–1893

Mto Umba huanzia katika Msitu wa Shagayu, upande wa kaskazini wa Usambara Magharibi, huteremka hadi nyika iliyo chini ya milima, kisha huelekea mashariki na kuingia Bahari ya Hindi karibu na mji wa Vanga. Katika makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 mto huu unatajwa kwa sehemu yake moja tu, nayo ni mlango. Kutoka hapo mstari unavutwa hadi Ziwa Jipe kana kwamba baina ya maji hayo mawili hapakuwa na kitu. Sehemu hii inachunguza kilichokuwapo. Hoja yake ni kwamba mstari ule haukuchorwa juu ya ardhi isiyo na mipaka, bali juu ya ardhi ambayo mipaka yake ilikuwa ya namna nyingine, na ambayo wakati huo ilikuwa na mgogoro mkubwa kuhusu nani anayeimiliki.

Yafaa kwanza kuondoa dhana mbili zilizozoeleka hata madarasani. Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 haukuchora mpaka huu. Uliwekwa kwa barua zilizobadilishana London na Berlin mwishoni mwa mwaka 1886, ukathibitishwa kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Pia, kisa cha Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro hakina msingi: mlima uliwekwa upande wa Wajerumani mwaka 1886, ilhali Wilhelm II alitawazwa mwaka 1888. Kona ya mpaka inatokana na jambo lisilo na utamu wa hadithi. Wajerumani walidai Uchaga kwa mikataba ya Carl Jühlke ya mwaka 1885, nao Waingereza walidai Taveta kwa ile ya Harry Johnston ya mwaka 1884. Mstari ukapita katikati ya madai hayo.

Tukirudi Usambara, swali la mipaka halina budi kuanzia Vuga. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi ulitambuliwa kutoka milimani hadi pwani kati ya Vanga na Pangani. Steven Feierman (1974, 1990) ameonesha kwamba mamlaka hayo yalielezwa kwa lugha ya mvua na rutuba: mfalme mwenye nguvu pekee ndiye aliyeweza kuiponya nchi, yaani *kuzifya shi*, na wafalme waliposhindana, nchi iliharibika, yaani *kubana shi*. Kwa fikra hiyo, mwisho wa nchi haukuwa mstari. Ulikuwa pale ambapo watu waliacha kupeleka ushuru Vuga na kuacha kuitegemea Vuga kwa mvua. Mpaka wa aina hii uliweza kupanuka au kusinyaa ndani ya kizazi kimoja bila jiwe lolote kuhamishwa. Hata *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, ambaye aliwahi kumtumikia Semboja, huipima nchi kwa watu: nani aliwekwa wapi kutawala, na nani alikataa kumtii.

Pwani kwenyewe mamlaka yalikuwa ya pamoja. Sultani wa Unguja na mfalme wa Vuga wote wawili walikuwa na sauti katika miji ile ile, na Richard Burton, aliyefika Vuga mwaka 1857, aliuona uhusiano huo. Kwa mtazamo wa mwanasheria wa Ulaya hali hiyo ni utata unaohitaji kuamuliwa. Kwa wenyeji ilikuwa ni utaratibu uliofanya kazi.

Utaratibu huo ulivunjika baada ya 1862. Semboja, mwana wa Kimweri, alijiimarisha Mazinde, kando ya njia ya misafara, ambako aliweza kupata bunduki kuliko wale waliobaki milimani. Wabondei wakauasi utawala wa Wakilindi. Ndiyo maana Jühlke alipopita na karatasi zake mwaka 1885, swali la nani mwenye haki ya kutia saini kwa niaba ya Usambara halikuwa na jibu moja. Tathmini ya mwandishi huyu ni kwamba udhaifu huo haukuwafanya Wajerumani wawe na haki, lakini uliwarahisishia kudai kuwa wanayo.

Sultani Barghash alipinga, na akamtuma Jenerali Lloyd Mathews hadi Kilimanjaro kukusanya viapo vya utii. Manowari za Kijerumani zilizotia nanga Unguja mwezi Agosti 1885 zilimlazimisha kurudi nyuma. Tume ya pamoja ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, ambamo Kitchener aliiwakilisha Uingereza, ilichunguza mwisho wa dola ya Sultani upande wa bara, na matokeo yakawa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Hapa ndipo Usambara ilipopotezwa mara mbili kwa kipimo kimoja. Ng'ambo ya maili ya kumi, Sultani hakuhesabiwa kuwa mwenyeji. Ndani yake, Vuga haikuhesabiwa kabisa.

Kuhusu mstari wenyewe, makubaliano ya 1886 yaliuita mto "Wanga au Umba", kana kwamba mji na mto ni kitu kimoja, na mkataba wa 1890 ukaanzia ukingo wa kaskazini wa mlango wake. Kwa maneno hayo mlango ungekuwa upande wa Wajerumani. Carl Peters na C. S. Smith walipopima eneo hilo mwaka 1892, na makubaliano ya tarehe 25 Julai 1893 yalipofuata, mwanzo wa mpaka ukawa Ras Jimbo. Vanga ikabaki upande wa Waingereza. Hivyo mto uliotumiwa kuutaja mpaka ukakatwa na mpaka huohuo: chanzo Tanganyika, mlango Kenya. Wadigo na Wasegeju wakajikuta pande zote mbili.

Kwa Wakilindi hatua zilizofuata zilikuwa za haraka. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Makao ya utawala mpya yakawa Wilhelmstal, Lushoto ya leo. Januari 1915 majeshi yalipigana Jasin, karibu kabisa na mstari ule.

Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na Julius Nyerere alikuwa mtetezi mkuu wa azimio hilo. Tanzania na Kenya zilipokubaliana kuhusu mpaka wao wa baharini, kwa hati za Desemba 1975 na Julai 1976, kipimo kilianzia kwenye alama ya Ras Jimbo.